Antiokia: mji tulikopewa jina la Wakristo, na waumini wake wanaosali uani penye kifusi

#1 MwanaRiruta (mwanzisha uzi)

Wadau, salamu nyingi.

Ijumaa hii ni tarehe 6 Februari 2026. Inatimia miaka mitatu tangu usiku ule wa 2023, saa kumi na dakika kumi na saba alfajiri. Uturuki na Kenya saa zetu ni moja, kwa hiyo dakika ileile Nairobi nayo ilikuwa imelala. Mimi nilikuwa kitandani hapa Riruta, mvivu wa kuamka, nikisikia jogoo wa jirani, na huko kusini mwa Uturuki na kaskazini mwa Syria ardhi ilikuwa inatupa watu nje ya vitanda vyao. Tetemeko la 7.8. Saa saba na dakika ishirini na nne mchana likaja la pili, 7.5. Uturuki pekee walikufa watu zaidi ya 50,000, na Syria maelfu mengine.

Ninaandika juu ya mji mmoja kati ya yote iliyoumia: Antakya, makao ya mkoa wa Hatay. Ukifungua Matendo ya Mitume 11:26 utausoma kwa jina la Antiokia. Ndiko wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kila mtu hapa Nairobi anayejiita Mkristo, awe wa kanisa la mabati Kawangware au la vioo vya rangi mjini, jina hilo alilivaa kutoka kule.

Mimi ni Mwothodoksi. Kila Jumapili tunasali Liturujia ya Mtakatifu Yohana Krisostomo kwa Kiswahili na Kikuyu. Krisostomo, mhubiri mkubwa wa kanisa la kale, alizaliwa Antiokia, katika karne ya nne. Nimeimba maneno yanayobeba jina la mtoto wa mji huo tangu nikiwa na miaka sita, na sikujua kwamba bado kuna waumini wanaoishi huko. Nilidhani Antiokia ni mahali pa Biblia tu, pa ramani ya nyuma ya kitabu. Nilipoona picha za 2023 ndipo nikajua: walikuwepo, wanaongea Kiarabu, wanasali kama sisi. Mjini walikuwa elfu moja na mia kadhaa tu. Patriaki wao, yaani askofu wao mkuu, anakaa Damascus, maana makao yalihamishwa huko karne ya 14, lakini bado anaitwa Patriaki wa Antiokia.

Kanisa lao la Mitume Petro na Paulo lilianguka. Hilo lenyewe lilikuwa limejengwa upya baada ya lile la awali kuangushwa na tetemeko la 1872. Waliosalia wengi walikwenda Mersin, wengine Samandağ, wengine Istanbul. Siku za sikukuu baadhi yao hurudi, wanaweka meza uani, kifusi kikiwa kando, wanasali.

Swali langu kwenu, na limenikaa kooni miaka mitatu: jamii ya waumini hufa lini? Hufa ukuta unapoanguka, au hufa baadaye, polepole, watu wakiwa wazima wa afya lakini kila mmoja yuko mji wake? Mimi naamini hatari kubwa ni hiyo ya pili. Na naamini kuna kitu sisi wa hapa tunaweza kuwafanyia. Nitakieleza, lakini kwanza nataka kuwasikia.

#2 Nyakio_wa_Kinoo

Pole sana kwao. Ndugu, umenifanya nifungue Biblia saa hii usiku. Hiyo aya nimeihubiriwa mara nyingi na sikuwahi kuuliza mji wenyewe uko wapi leo.

#3 Mlinzi wa Zamu

Bwana asifiwe. Ndugu Riruta, sina ubaya na mtu, lakini Mathayo 24 iko wazi: matetemeko mahali mahali. Hizi ni nyakati za mwisho. Mungu anasema na mataifa. Tuwaombee, lakini pia tuseme ukweli kwamba pigo haliji bila sababu.

#4 MwanaRiruta

Mzee wangu Mlinzi, nakuheshimu na najua unasema kwa moyo safi. Nikujibu kwa Maandiko hayohayo. Luka 13: mnara wa Siloamu uliwaangukia watu kumi na wanane ukawaua. Bwana akauliza kama mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo.

Na tazama historia ya mji huu. Mwaka 115 ulitikiswa hata Kaisari Trajan, aliyekuwa mjini, akanusurika kwa shida. Mwaka 526 mji ulikuwa umefurika wageni wa sikukuu ya Kupaa, ukaporomoka, na waandishi wa zama hizo wakahesabu waliokufa kwa mamia ya maelfu. Patriaki mwenyewe, Euphrasius, alikufa humo. Miaka miwili baadaye likaja lingine, na wakaubadilisha mji jina, wakauita Theoupolis, Mji wa Mungu. Watu waliozikwa mara mbili ndani ya miaka miwili walimpa Mungu mji wao. Hao ukiwaambia wamepigwa kwa sababu ya dhambi zao, watakuangalia tu.

#5 Umm Swafiya, South C

Assalaam aleikum nyote. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Lamu, Nairobi nimeletwa na ndoa. Kakangu Riruta, nina la kuongeza, maana msiba ule si wa kanisa pekee.

Antakya palikuwa na msikiti wa Habib-i Neccar, miongoni mwa misikiti mikongwe kabisa ya nchi ile. Sisi twamjua kwa jina la Habib Najjar. Mwenye kusoma Yasin, sura ya Qur'ani, hufika pale panapotajwa mtu aliyekuja mbio kutoka upande wa mbali wa mji, akiwaambia watu wake wawafuate waliotumwa. Wafasiri wengi wasema mji huo ni Antakya na mtu huyo ndiye Habib, seremala. Yasin husomwa kwetu mtu akikata roho, husomwa hitimani, husomwa kaburini. Basi kila maiti wa Kiislamu aliyezikwa Lang'ata au Kariokor amesomewa kisa cha mji ule. Msikiti wenyewe ulianguka usiku huohuo mmoja na kanisa lenu.

Na Mayahudi pia walikuwako, watu wachache sana, wazee, wa jamii iliyokaa pale miaka zaidi ya elfu mbili. Kiongozi wao na mkewe walikufa kifusini, na hati zao za Torati zikapelekwa Istanbul. Nikisoma habari hiyo nililia kama nimefiwa mimi. Nyumba ya ibada iliyopitiwa na vizazi vyote hivyo, halafu asubuhi moja hakuna wa kufungua mlango.

Kuhusu pigo: kwetu Mtume, rehema na amani zimshukie, amewahesabu waliofunikwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Yaani tetemeko, zilizala, laweza kuwa onyo kwetu tuliobaki, lakini aliyekufa chini ya kifusi ni shahidi. Hatumhukumu, twamtukuza. Wiki ile twaliwaswalia swala ya ghaibu, maana sisi Mashafii twamswalia maiti aliye mbali. Nilisimama safu ya wanawake nikajiuliza: naswalia watu wangapi? Imamu hakutaja idadi. Alinuia wote.

#6 MwanaRiruta

Dada Umm Swafiya, Mungu akubariki. Umenifunulia jambo. Waothodoksi wa kule siku ya Pasaka husalimiana "Al-Masih qam", wanajibiwa "Haqqan qam". Nilipoisikia mara ya kwanza niliielewa bila mkalimani. Sisi tunajibu "Hakika amefufuka". Haqqan, hakika. Neno lilipita kwenu pwani likatufikia sisi wa bara.

#7 Mhandisi Kayole

Nisameheni, mimi si mtu wa maandiko sana, ni mhandisi wa majengo. Lakini uzi huu hauwezi kukamilika bila udongo na simiti.

Antakya iko karibu na mahali ambapo mabamba matatu ya dunia yanakutana: la Anatolia, la Arabia na la Afrika. Hilo la mwisho ndilo tunaloishi juu yake. Ufa wa Bahari ya Chumvi unaanzia upande ule, unateremka hadi Bahari ya Shamu, na Shamu inakutana kule Afar, Ethiopia, na Bonde letu la Ufa. Msidhani ni mambo ya mbali. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia ilitikiswa kwa 6.9, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Kenya. Na walio na umri wangu wanakumbuka Julai 2007, mitetemo ya upande wa Ziwa Natron ilipowatoa watu maofisini hapa mjini wakashuka ngazi wakikimbia.

Sasa Antakya yenyewe. Sehemu kubwa imekaa kwenye tope laini la mto Asi, Orontes wa vitabu. Udongo kama huo hulikuza tetemeko. Jengo linayumba kama mtu aliyesimama juu ya godoro. Ongeza hapo maghorofa ambayo chini ni maduka, kuta zimetolewa ili kupata nafasi, na nguzo ambazo ringi zake zimeachana mno. Ringi ndizo zinazokumbatia vyuma vya nguzo visipasuke kwa nje. Zikiwa chache, nguzo inapasuka, slabu inalalia slabu, na katikati hapabaki hata nafasi ya mtoto kupumua. Mwaka 2018 serikali ya huko ilitoa msamaha wa majengo: mwenye jengo lililokiuka kanuni alilipa ada akapata cheti. Cheti hakiongezi ringi.

Kuna mji mwingine wa mkoa huohuo, Erzin, ambao ulipita salama karibu wote. Ardhi yake ni ngumu zaidi, na meya wake alisema hakuruhusu ujenzi wa kinyume cha sheria. Mungu wa Erzin na wa Antakya ni mmoja.

Na hapa kwetu? Huruma, 29 Aprili 2016. Ghorofa sita zilianguka kwa mvua tu, zaidi ya watu 50 wakafa. Nilikuwa pale. Siku ya sita akatolewa mama akiwa hai, na umati ukapiga vigelegele kama harusini. Tangu siku hiyo siwezi kusaini mchoro bila kufika mwenyewe kuhesabu ringi kwa kidole.

#8 Wanza_Adana

Nimesoma kimya tangu jana. Jina nimeliweka hivi kwa sababu nilisomea Adana, mji wa kusini mwa Uturuki, kwa ufadhili wa serikali ya huko, na usiku ule nilikuwa huko.

Tuliamka kitanda kikitembea. Nilikaa chini ya meza nikisema Salamu Maria, nikakosea maneno, nikaanza upya, nikakosea tena. Adana nako maghorofa kadhaa yalianguka. Siku ya tano nilikwenda Antakya na wanafunzi wenzangu kugawa mablanketi na maji. Kulikuwa na baridi ambayo mtu wa Machakos kama mimi hana neno lake. Watu walikuwa wanachoma milango na viti vya nyumba zao wapate joto. Wengine walilala kwenye magari, injini ikiwashwa dakika tano kila saa ili kubana mafuta.

Kitu ninachokisikia hadi leo ni kimya. Waokoaji walikuwa wakiinua ngumi juu, na mtaa mzima unanyamaza: matingatinga, jenereta, wanaolia. Kisha mmoja anaita ndani ya shimo, "Sesimi duyan var mı?" Kuna anayesikia sauti yangu? Tunangoja. Mara nyingi hakuna aliyejibu, na ngumi zinashuka, na kelele inarudi.

Nilikutana na mama mmoja wa kanisa hilo analolitaja Riruta. Alikuwa amesimama pembeni na koti la mwanamume. Alinieleza kifusi kama mtu anavyoeleza nyumba yake: pale madhabahu, pale ngazi ya wanakwaya, hapa jiko. Miaka na miaka alikuwa akiwapikia watu kahawa baada ya ibada. Kuna upande mmoja alimwomba dereva wa tingatinga asiuchote kwa pupa, achimbe polepole. Nilidhani kuna mtu wake chini. Akasema hapana, watu wake watatu wameshatolewa na kuzikwa. Pale kulikuwa na kabati la daftari za ubatizo na za maziko. Aliogopa majina yakienda na kifusi hakuna atakayejua walikuwa nani.

Sijui kama zilipatikana. Baadaye alihamia Mersin. Tuliwasiliana kwa simu mwaka mmoja hivi.

#9 Kijana wa Umoja

Swali la kweli, msinielewe vibaya. Kwa nini wasihame tu moja kwa moja? Mersin wako salama, kuna makanisa, kuna kazi. Mji uliowazika mara zote hizo, kuurudia ni kumjaribu Mungu. Mimi mamangu ningemwambia asirudi.

#10 MwanaRiruta

Ndugu yangu, swali lako ni la upendo, na mimi pia mamangu ningemwambia hivyohivyo. Sisemi mtu arudi akalale chini ya slabu mbovu. Mwenye watoto aende watoto wanakoweza kusoma. Ila nikusimulie jambo la nyumbani, kisha uone kwa nini habari hii inanichoma.

Shosho yangu, yaani nyanya yangu, alikuwa wa Waithaka. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, serikali ya mkoloni ilifunga shule za Karing'a, shule huru za Wakikuyu, na makanisa yetu ya Kiothodoksi pamoja nazo. Padri Arthur Gathuna akawekwa kizuizini kwa miaka. Wengine waliambiwa wajiunge na misheni, na walioenda siwalaumu, walikuwa na watoto wa kusomesha. Ndipo jamii yetu ilipokaribia kufa. Hakuna jengo lililotuangukia. Milango ilifungwa tu, na watu wakaanza kutawanyika, huyu huku, yule kule, kila mmoja akiwa na sababu nzuri.

Shosho alikuwa na ikoni ndogo, picha takatifu, ya Mama wa Mungu ameifunga kwa leso chini ya godoro. Kila Jumapili alibeba mzigo wa kuni mgongoni, akapita penye kiwanja cha kanisa. Akifika usawa wa mlango alisimama, akajifanya anakaza upya kamba ya kichwani. Muda wa kukaza kamba ndio muda wa Baba Yetu. Kisha anaendelea. Alifanya hivyo miaka. Aliniambia kuna Jumapili aliwakuta wanawake wengine wawili palepale, kila mmoja anakaza kamba, na hakuna aliyemsemesha mwenzake. Lakini kila mmoja alijua bado wako watatu.

Askofu Mkuu Makarios wa Kupro alipokuja Kenya 1971 akabatiza maelfu, na seminari ya hapa Riruta ikapata mwanzo wake, watu walidhani kanisa limeanza. Halikuanza. Lilikuwa linakaza kamba.

Wale wanaorudi uani pale Antakya siku za sikukuu, nawaona kama wanawake wale. Wanaishi Mersin, wanapanda gari, wanasimama penye mlango usiokuwapo. Wakiacha kwenda, hakuna gazeti litakaloandika. Wala hakuna atakayejua ni Jumapili ipi iliyokuwa ya mwisho.

#11 Msomaji Ngong Road

Mwandishi, nimefuata hoja yako yote, ila kuna mahali umeruka. Huyo Krisostomo ambaye liturujia yake unaisali kila Jumapili alihubiri Antiokia baada ya tetemeko, na alisema waziwazi kwamba chanzo ni ghadhabu ya Mungu, na chanzo cha ghadhabu ni dhambi zetu. Umemjibu Mzee Mlinzi kwa ukali wakati mtakatifu wako anakubaliana naye.

#12 MwanaRiruta

Umesema kweli, na Mzee Mlinzi naomba radhi kama nilikujibu kwa haraka.

Nimelala nikiliwaza jambo hili. Krisostomo alisema hivyo, ndiyo. Lakini alisema akiwa humohumo mjini, kuta zikiwa zimetikisika juu ya kichwa chake pia, kwa watu waliokuwa wamekesha na zaburi. Alisema "dhambi zetu" na yeye akiwa ndani ya hiyo "zetu". Maneno hayohayo nikiyasema mimi kutoka Riruta, tumbo limeshiba, juu ya mama aliyesimama kwenye baridi na koti la marehemu, yanakuwa kitu kingine kabisa. Toba ni yangu kuifanya, si ya kumtumia mwingine. Katika kalenda yetu tarehe 26 Oktoba tunakumbuka tetemeko la Konstantinopoli la mwaka 740, na katika sala zetu tunaomba mji wetu uokolewe na njaa, tauni, tetemeko, gharika, moto na upanga. Mji wetu. Nairobi imo humo.

#13 Mlinzi wa Zamu

Nimekubali, mwanangu. Hiyo ya kusema ukiwa ndani nitaibeba. Mwaka 1998, bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani hapa Nairobi, mimi nilikuwa Haile Selassie, nilitoa watu kwa mikono hii, na baadaye mhubiri mmoja akatuambia ni adhabu ya jiji. Nilimchukia miaka mingi. Nilikuwa nimesahau.

#14 Umm Swafiya, South C

Allah akulipe, mzee wetu.

Kakangu Riruta, ulisema kuna kitu twaweza kuwafanyia. Hujakitaja.

#15 MwanaRiruta

Kweli, dada. Ni hiki. Jumamosi ya tarehe 14, kabla ya Kwaresima, kwetu ni Jumamosi ya Wafu. Kila mtu huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi, inapelekwa madhabahuni, padri anayasoma moja moja kwa sauti. Inachukua muda mrefu, watoto huchoka, na hakuna anayeruhusiwa kuharakisha. Miaka miwili iliyopita niliandika "waliokufa Antiokia". Padri akasoma hivyohivyo, nami nikahisi kama nimeandika "na wengineo".

Wanza, kama bado una mawasiliano na yule mama wa kahawa, muulize kama ataturuhusu majina ya watu wake watatu. Ya ubatizo tu, yanatosha. Akikataa, usimsukume.

#16 Wanza_Adana

Sijampigia zaidi ya mwaka. Naogopa kidogo. Acha nijaribu.

#17 Wanza_Adana

Alipokea. Alinijua kwa sauti kabla sijasema jina. Nilimweleza kwa Kituruki changu kilichopata kutu kwamba kuna kanisa Nairobi, la watu weusi, wanaosali liturujia yake, wanataka kuwasoma watu wake. Alinyamaza sana hadi nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza kama mnapika ngano siku hiyo, ile ya marehemu. Nikamwambia nitauliza.

Majina nimekutumia kwa ujumbe wa faragha. Aliyatamka polepole, mara mbili, nisikosee herufi.

#18 MwanaRiruta

Nimeyapata. Mwambie ndiyo, tunapika ngano. Mamangu ataiweka kwenye maji Alhamisi usiku.

Karatasi nimeshaiandika. Wametangulia wao watatu, kisha shosho.

#19 Mhandisi Kayole

Liturujia huanza saa ngapi?

#20 MwanaRiruta

Saa tatu asubuhi. Uje mapema, tukuwekee kiti karibu na mlango.